UZI: Hati za shamba, picha za zamani na mafaili ya kompyuta: tunayatunza vipi kwenye joto na unyevu wa huku Ziwani (Ziwa Viktoria) na Magharibi mwa Kenya?

#1 Kumbukumbu_Ksm

Wadau, salaam. Mvua za masika zikikaribia maswali huwa ni yaleyale: hati ya shamba imeota madoa meusi, picha za harusi za miaka ya sabini zimegandamana na kioo cha fremu, flashi yenye rekodi za kikundi haifunguki. Tuyakusanye humu. Kila mwenye ujuzi aweke anachokijua kwa vipimo, maana "weka mahali pakavu" haimsaidii mtu wa Dunga, ufukweni mwa ziwa, wala wa Budalang'i, penye mafuriko.

Naanza na hewa, kwa kuwa ndiyo chanzo cha karibu yote. Karatasi nzuri iliyo kavu, iliyo gizani na isiyoshikwashikwa ovyo inaweza kudumu zaidi ya miaka mia. Kando ya ziwa inakufa mapema kwa unyevu. Unyevu wa hewa ukikaa juu ya asilimia 65 kwa muda, mbegu za kuvu ambazo tayari zimo kwenye vumbi huamka. Ukipita 75 katika joto la nyuzi 25 hadi 30, siku chache zinatosha. Lenga kati ya 40 na 55, na jitahidi usipande na kushuka kwa kasi.

Nunua kipima unyevu kidogo cha dijitali. Hupatikana maduka ya elektroniki na kwa wanaouza mashine za kuangulia vifaranga. Vingi hudanganya, kwa hiyo kipime kwanza: weka chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha chupa ya soda, dondoshea maji iloe bila kuyeyuka yote, kisha funga kifuniko hicho pamoja na kipima ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kwa saa 12 au zaidi. Hewa ndani ya mfuko itatulia kwenye asilimia 75. Kipima kikisoma 69, basi ongeza 6 kwenye kila usomaji wake.

Mahali pa kuweka: ukuta wa ndani, si ukuta wa nje unaopigwa na mvua. Angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na 10 kutoka ukutani. Si juu ya dari chini ya mabati, kwa sababu mchana huko ni tanuri na usiku hewa hiyohiyo ikipoa inatoa umande. Madirisha yafunguliwe adhuhuri kukiwa kukavu na yafungwe jioni. Alfajiri ndiyo saa yenye unyevu mkubwa kuliko zote.

Sanduku la chuma la shule linazuia panya na mchwa, lakini halizuii unyevu, na chuma kikipoa usiku maji hujikusanya kwa ndani. Bora boksi la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko. Angalia chini yake: namba 5 au 2 ndani ya pembetatu ni salama. Namba 3 ni PVC, plastiki inayoharibu karatasi, iache dukani. Ndani weka silika jeli, yaani chembe zinazonyonya unyevu, kadiri ya gramu 20 kwa kila lita ya ujazo, yaani boksi la lita 30 linataka gramu 600. Chukua ile ya rangi ya chungwa, maana ile ya buluu hupakwa kobalti, ambayo ni sumu. Ikibadilika rangi, itandaze kwenye sinia na uikaushe kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa mbili au tatu, halafu irudi kazini.

Jambo moja watu hulikosea sana: usifungie kitu chenye unyevu ndani ya boksi lisilopitisha hewa. Umekiandalia kuvu nyumba. Kausha kwanza, funga baadaye.

#2 FundiJalada

Asante kwa kuanzisha. Mimi niseme wazi kwamba uharibifu mwingi unaoletwa mezani kwangu haukuletwa na mafuriko. Umeletwa na mwenye hati akijaribu kuilinda. Laminesheni, selotepu na kava za plastiki laini ndizo zinazomaliza hati za watu.

Laminesheni ya moto hubana karatasi kati ya plastiki mbili zenye gundi inayoyeyuka kwa joto. Gundi ile inaingia ndani ya nyuzi za karatasi na haitoki tena bila kuing'oa karatasi yenyewe. Wino wa muhuri unaweza kusambaa. Na afisa wa ardhi akihitaji kuandika au kupiga muhuri juu ya hati, au kuikagua karatasi yenyewe kwa vidole na kwa taa, plastiki imeziba njia. Hati miliki, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE, mkataba wa shamba: visiguswe na mashine hiyo. Kama tayari kimelaminetiwa, usijaribu kukibandua. Kipige skani, kiweke kikiwa kimelala bapa, mbali na joto.

Badala yake tumia kava ya poliesta au polipropilini iliyo wazi upande mmoja. Namna ya kuitambua PVC: ni laini, inanata kidogo, na ina harufu kali kama pazia jipya la bafuni. Plastiki hiyo hutoa asidi kadiri inavyozeeka, na wino wa fotokopi huhamia juu yake. Ukitoa fotokopi iliyokaa miaka kwenye kava ya PVC, maandishi hubaki kwenye plastiki na wewe unabaki na karatasi yenye vivuli vya herufi.

Bahasha za kaki nazo zina asidi. Ukizitumia, kwanza funga hati ndani ya karatasi nyeupe ya fotokopi ya gramu 80. Nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa chokaa ndani yake, hivyo hazina asidi. Usiweke kipande cha gazeti katikati ya hati. Gazeti ndilo karatasi mbaya kuliko zote, na madoa yake ya manjano huhamia kwa jirani.

Pini za stepla zenye kutu: usitumie kitoa-pini. Geuza karatasi, ingiza kipande chembamba cha plastiki ngumu chini ya mguu mmoja wa pini ili kisu kisiguse karatasi, uinue mguu kwa kisu butu, fanya hivyo mguu wa pili, kisha geuza tena na uvute pini kwa mgongo wake ukitumia kibanio. Pini ikiwa imeshikana na karatasi kwa kutu, iviringishe taratibu ndani ya tundu lake kabla ya kuivuta. Usiweke pini mpya. Mkunjo wa karatasi nyeupe unashikilia kurasa vizuri.

Mchano: usibandike selotepu. Gundi yake hugeuka manjano, kisha kahawia, inapenya hadi upande wa pili, halafu plastiki yenyewe inadondoka na kuacha doa lisilotoka. Dawa yake ni karatasi nyembamba ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Wanga, si unga. Unga mzima una gluteni ambayo hukakamaa na kuita wadudu. Ukikosa wanga wa dukani, kanda donge la unga wa ngano, liache nusu saa, likamue ndani ya bakuli la maji mpaka maji yawe meupe kama maziwa, yaache usiku kucha, mwaga maji ya juu. Ule mweupe uliotuama ndio wanga. Pika sehemu moja ya wanga kwa sehemu nne za maji, moto mdogo, ukikoroga bila kuacha kwa dakika 20 hadi 30, kisha chuja kwa kitambaa. Paka kiasi kidogo sana kwenye ukanda uliochanwa kwa mkono (usikate kwa makasi, ukingo wa makasi huacha mstari mgumu), laza juu ya mchano, funika kwa karatasi isiyonata na uzito juu hadi ikauke. Huna karatasi ya Kijapani? Basi usitengeneze. Weka hati kwenye kava ya poliesta na mchano wake, utangoja.

#3 Katibu_Kano

Mwalimu, shikamoo. Nina jambo la haraka. Vitabu vya kumbukumbu vya kikundi chetu, vile vya jalada gumu, vimeloa maji ya tope ya mafuriko huku kwetu tambarare ya Kano. Vimetolewa leo asubuhi. Vimo vitabu vya mikutano vilivyoandikwa kwa bairo, daftari la akiba, na bahasha moja ya picha. Tuvianike juani?

#4 Mkutubi_Kakamega

Marahaba ndugu, nijibu mimi kwa sababu muda ni mfupi. Juani hapana. Jua hukausha ukurasa wa juu na kuukunja huku katikati pakiwa maji, na hufubaza wino. Una takriban saa 48 kabla kuvu hazijaanza, na kwa joto la Kano usihesabu zaidi ya hapo. Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

Vaa glavu za mpira na barakoa. Maji ya mafuriko yamepita vyooni.

Toa picha kwanza. Ziweke kwenye beseni la maji safi baridi, zisikauke zikiwa zimeshikana. Maelezo ya picha mwenzangu atakuja kuyatoa.

Vitabu visifunguliwe bado. Shika kitabu kikiwa kimefungwa, kibane kwa mikono miwili, kizamishe kwenye beseni la maji safi na ufute tope la nje kwa sponji laini. Pitisha kwenye beseni la pili na la tatu. Bairo kwa kawaida huvumilia maji. Wino wa kalamu ya kujaza na wa kalamu za feltu hauvumilii, hivyo kitabu chenye wino huo usikioshe kabisa, futa tope la nje tu.

Sasa gawanya. Vile unavyoweza kuvikausha leo, baki navyo. Vilivyobaki vigandishe. Ndiyo, friza. Barafu haikaushi wala haiui kuvu, lakini inasimamisha kila kitu na kukupa miezi ya kupumua. Funga kila kitabu kwa karatasi isiyonata ile ya kuokea, kisha mifuko miwili ya nailoni, uandike kwa nje, na upange mgongo wa kitabu ukiwa chini. Friza iwe nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Wauzaji wa samaki wanazo friza kubwa za kulala, omba kona moja.

Kukausha: chumba chenye kivuli, madirisha wazi pande mbili, feni ikipulizia ukutani ili hewa izunguke bila kupiga kurasa moja kwa moja. Kitabu kinachochuruzika kisimamishe juu ya karatasi za kunyonya, kimefunguka kidogo. Kikiacha kuchuruzika, kilaze na uingize tishu nene za jikoni zisizo na rangi kila baada ya kurasa 20 hivi. Usizidishe, unene wa tishu zote usipite theluthi moja ya unene wa kitabu, la sivyo mgongo unavunjika. Badilisha tishu kila saa mbili au tatu siku ya kwanza. Kurasa zilizoshikana usizibandue zikiwa rojorojo, subiri zikaribie kukauka.

Utajuaje kimekauka? Weka ukurasa wa katikati kwenye shavu. Ukihisi ubaridi, bado una maji. Ukikaribia kukauka kabisa, bana kitabu kati ya mbao mbili na tofali mbili juu yake kwa wiki moja hivi.

Karatasi za kung'aa, kama za vyeti vya rangi na majarida, ndizo za kuwahi kabla ya zote. Zikikaukiana zimekuwa ubao mmoja, hakuna wa kuzitenganisha. Hizo peleka kwenye friza kabla ya vitu vingine.

Zikishaota kuvu tayari: kausha kwanza, kisha toa nje ya nyumba, vaa barakoa ya N95, na upanguse kwa brashi laini ukielekeza vumbi mbali nawe. Kuvu mbichi ukiipangusa unaipaka. Dawa ya klorini ya kufulia isiguse karatasi kamwe, inaula wino na karatasi vyote viwili.

#5 Katibu_Kano

Asante sana. Jirani ana friza ya samaki, vitabu vinaingia sasa hivi.

#6 Studio_Nakuru

Picha ni upande wangu. Katibu, zile zilizo kwenye beseni: badilisha maji mara mbili tatu, zisikae humo zaidi ya siku moja, maana tabaka lenye picha ni jelatini na jelatini huvimba na kuteleza. Usiguse uso. Zikijitenga zenyewe majini, shika kwa kingo, laza uso juu kwenye karatasi ya kunyonya, kivulini, bila feni kuzipiga. Zikikunjamana si neno, hunyooshwa baadaye. Ushauri huu ni wa picha za studio zilizosafishwa kwa kemikali. Picha iliyochapwa kwa printa ya wino wa maji usiizamishe, wino utaondoka.

Picha iliyoganda kwenye kioo cha fremu: usiivute. Kwanza ipige skani au ipige picha ikiwa ndani ya kioo chake, ili chochote kikitokea uwe na nakala. Kwa picha ya studio unaweza baada ya hapo kuzamisha kioo na picha pamoja kwenye maji safi ya ubaridi wa kawaida na kungoja ijiachie. Kama sura ya mtu tayari imepasuka au inabanduka magamba, iache ilivyo kwenye kioo. Nakala ya skani inatosha kwa ukutani. Na kwenye fremu mpya weka pasipatu, yaani ukingo wa kadibodi unaozunguka picha, ili kioo kisiguse picha tena.

Kuna albamu zile zenye kurasa za kunata na plastiki ya kufunika, ziliuzwa sana miaka ya sabini na themanini. Gundi yake inakula picha kwa nyuma na plastiki mara nyingi ni PVC. Zitoe. Chukua uzi wa meno usio na ladha, uingize chini ya pembe moja ya picha, na uusokote mbele na nyuma kama unayekata sabuni, ukienda sambamba na ukurasa. Uzi ndio unaopita, picha ikae imelala. Ikikataa, achana nayo, piga skani ukurasa mzima.

Picha za rangi za zamani zikigeuka nyekundu au chungwa, maana yake rangi ya samawati ndani yake imekufa kwanza. Hilo hutokea hata gizani, joto likiwa kubwa. Halirudishwi kwenye karatasi, linarekebishwa kwenye kompyuta tu, ndiyo sababu picha za rangi zipigwe skani kabla ya nyeusi na nyeupe. Wengi hufanya kinyume, wakidhani iliyo nzee zaidi ndiyo iliyo hatarini zaidi. Picha nyeusi na nyeupe ya mwaka 1955 iliyosafishwa vizuri mara nyingi itaishi kuliko ya rangi ya 1978.

Negativu, yaani filamu zilizotolewa picha: zinuse. Zikitoa harufu ya siki, plastiki yake ya asetati imeanza kuoza, na mvuke huo huambukiza za jirani. Zitenge, zifunge kwa karatasi inayopumua na si nailoni, zipige skani wiki hiyohiyo.

Kuandika nyuma ya picha: penseli laini ya 2B, picha ikiwa juu ya kioo au meza ngumu, bila kukandamiza, na pembeni mbali na nyuso. Picha za karatasi yenye plastiki hazishiki penseli; andika kwenye bahasha kabla ya kuingiza picha. Bairo huacha mkwaruzo unaoonekana mbele. Andika majina kamili, mahali na mwaka. "Shangazi na mama" haimsaidii mjukuu.

Kwa wenzangu wa Nakuru: vumbi letu lina chembe kali za volkano. Usifute picha wala negativu kwa kitambaa. Pulizia kwa pampu ndogo ya mpira, kisha brashi laini sana.

#7 Bunda_Busia

Wadudu je? Mchwa, mende, na vile vidudu vya fedha vyenye mikia mitatu vinavyokwangua karatasi. Wengine huku wanaweka nafthalini, wengine majani ya mwarobaini, wengine wanamwaga mafuta ya taa kwenye rafu.

#8 Mkutubi_Kakamega

Mafuta ya taa hapana kabisa, yanatia doa na ni moto unaongoja. Nafthalini nayo niko kinyume nayo: mvuke wake unalainisha baadhi ya plastiki, unaumiza mapafu ya wanaolala chumba hicho, na ukiisha wadudu wanarudi. Mwarobaini mkavu kabisa ndani ya kifuko cha kitambaa pembeni ya rafu hauna madhara, lakini majani mabichi katikati ya kurasa ni unyevu na doa la kahawia. Usiutegemee peke yake.

Mchwa wanapanda kutoka ardhini kwa vijia vya udongo. Kabati likisimama mbali na ukuta utaviona vijia hivyo kwenye miguu yake. Miguu isimame ndani ya makopo yenye mafuta machafu ya injini, na kabati lisiguse chochote kingine, hata pazia. Kagua kila wiki mbili msimu wa kumbikumbi.

Vilivyokwisha kuingia kwenye vitabu: friza tena. Kitabu kikavu, ndani ya mfuko uliofungwa na hewa kutolewa, nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Friza ya nyumbani ya nyuzi 18 chini ya sifuri, kipe wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko kabla ya saa 24, la sivyo umande utatua kwenye karatasi badala ya kutua nje ya mfuko. Friza inaua wadudu na mayai yao bila dawa yoyote.

#9 Studio_Nakuru

Niongeze: unga wa diatomaiti, ule unaochimbwa Kariandusi karibu na Gilgil, unaua mende na vidudu vya fedha kwa kukwangua nta ya ngozi yao hadi wakauke. Mstari mwembamba nyuma ya kabati unatosha.

#10 FundiJalada

Nyuma ya kabati, sawa. Lakini usiwahi kuunyunyiza ndani ya boksi wala kwenye rafu. Unga huo ni visu vidogo vya kioo, unakwaruza picha na negativu, na ukivutwa puani una madhara. Barakoa wakati wa kuumwaga, na chumba chenye feni usiumwage kabisa.

#11 Studio_Nakuru

Hapo tunakubaliana, dada.

#12 Data_Milimani

Nije kwenye skani na mafaili.

Skana ya bapa ndiyo ya hati za zamani. Ile ya kumeza karatasi ni ya karatasi mpya tu, itachana hati iliyochoka. Hati za kawaida dpi (nukta kwa kila inchi) 300, picha dpi 600, negativu dpi 2400 au zaidi kwa skana yenye taa ya juu. Piga kwa rangi hata kama hati ni nyeusi na nyeupe, kwa kuwa rangi ya muhuri na ya wino ni sehemu ya ushahidi. Zima vichujio vyote vya "kuboresha". Piga na mgongo wa hati pia.

Hifadhi nakala kuu kama TIFF, aina ya faili la picha lisilopoteza kitu. Ukubwa: A4 kwa dpi 300 na rangi ni karibu MB 26, kwa dpi 600 ni karibu MB 104. Picha ya inchi 4 kwa 6 kwa dpi 600 ni karibu MB 26. Kwa hiyo picha 1,000 zinataka GB 26. Kisha tengeneza JPEG za kutumia na kutuma, na kwa hati zenye kurasa nyingi PDF/A, ile PDF ya kuhifadhia muda mrefu. Usihariri nakala kuu. JPEG ukiifungua, ukaihariri na kuihifadhi tena na tena, inapoteza kitu kila mara.

Huna skana? Simu inafaa ukijipanga. Simu ikae juu kabisa ya hati, sambamba nayo, kwenye kishikilio. Taa mbili zinazofanana, kila upande mmoja, kwa pembe ya nyuzi 45. Zima flashi ya simu, inachoma katikati na kuacha giza pembeni. Programu za kuskani za simu hupenda kugeuza kila kitu kiwe cheupe pepe na kufuta penseli na mihuri hafifu. Chagua rangi halisi au tumia kamera ya kawaida.

Majina ya mafaili: mwaka kwanza, bila nafasi. 1974-03-12_hati_shamba_001.tif. Tarehe usiyoijua iandike 1974-00-00 au 197x. Ukipanga hivyo, kompyuta yoyote inayapanga kwa mpangilio wa miaka yenyewe. Weka pia faili moja la maandishi matupu ndani ya folda, linaloeleza ni nani, wapi, na karatasi yenyewe ya asili iko kwa nani.

Nakala: tatu, kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, moja ikiwa mbali na nyumbani. Kwa huku kwetu naongeza sharti la nne: nakala moja isiwe imechomekwa umeme wala kompyuta. Radi za ukanda wa Ziwa na wa Kakamega ni nyingi, na stima ikirudi kwa kishindo inaondoka na kompyuta pamoja na diski ya nje iliyochomekwa. Virusi vinavyofunga mafaili navyo hufunga kila kilichochomekwa. Na "mbali" isiwe nyumba ya pili kwenye tambarare ileile ya Nyando. Kama asili iko Ahero, nakala iende Kisii, Nakuru au mtandaoni.

Flashi si ghala. Inashikilia data kwa chaji ya umeme inayovuja polepole, haraka zaidi kwenye joto. Ni ya kubebea tu. Isitoshe ziko nyingi za bandia: imeandikwa GB 256, ndani ina GB 8, na kompyuta inaonyesha 256. Unaandika, inakubali, kumbe inafuta za mwanzo. Ukinunua, ijaze yote na uihakiki kwa programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux na Mac kabla ya kuweka kitu cha maana.

Diski kuu ya nje, panga kuibadilisha kila baada ya miaka mitano hivi, andika mwaka wa kununua juu yake kwa kalamu. Ichomeke angalau mara mbili kwa mwaka na ufungue mafaili machache.

Sasa hili ndilo wengi hawalifanyi. Faili linaweza kuoza kimyakimya, na ukinakili unanakili uozo. Tengeneza alama ya hakiki ya kila faili siku ya skani, yaani msururu wa herufi na namba unaokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili. Windows: fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile 1974-03-12_hati_shamba_001.tif SHA256. Linux: sha256sum *.tif > hakiki.txt, na baadaye sha256sum -c hakiki.txt itakuambia lipi limebadilika hata kwa biti moja. Nakala moja ikiharibika unajua ipi ni nzima, unairudisha kutoka hapo.

#13 Kondele_Risiti

Naomba kujua kuhusu risiti. Zile za benki na za mawakala zinafutika. Na je, kutuma picha kwenye kikundi cha WhatsApp ni kuhifadhi?

#14 Data_Milimani

Risiti hizo ni karatasi inayochapwa kwa joto, haina wino ndani yake. Joto la dashibodi ya gari huifanya nyeusi yote, na kava za PVC huifuta hadi nyeupe. Ifotokopi au uipige skani wiki ileile, andika tarehe, na uiambatanishe na nakala bila selotepu juu ya maandishi.

WhatsApp si hifadhi. Ukituma kama picha inabanwa, na tarehe na mahali vilivyomo ndani ya faili huondolewa. Ukilazimika kutuma, tuma kama hati ili faili lifike lilivyo. Na ukipiga skani saiba, futa faili kwenye kompyuta yao, angalia folda ya vipakuliwa na pipa la taka. Hati yako ya shamba na kitambulisho havipaswi kubaki hapo kwa mtu wa pili.

#15 Kumbukumbu_Ksm

Na skani isimfanye mtu aitupe asili. Hati miliki ikipotea, chini ya Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 33, mpya haitolewi mpaka tangazo litoke kwenye Gazeti Rasmi na siku 60 zipite. Skani yako itakusaidia kujua namba ya kipande na ya usajili haraka, lakini haichukui nafasi ya karatasi ile.

Pia mkikuta majalada ya ofisi ya serikali, iwe ya chifu, ya shule ya umma au ya mahakama ya zamani, yakiwa yameachwa, msiyagawane wala kuyachoma. Hizo ni kumbukumbu za umma na haziharibiwi bila idhini ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Makao yao ni Moi Avenue, Nairobi. Anzeni kwa kuwapigia kabla ya kuhamisha hata jalada moja, na mpangilio mlioyakuta nao msiuvuruge, kwa kuwa mpangilio nao ni habari.

#16 Katibu_Kano

Swali la mwisho kwa dada Data. Nakala ya mtandaoni ya kikundi iko kwenye akaunti ya Google ya mweka hazina wa zamani. Ameshastaafu, haingii tena. Ni salama?

#17 Data_Milimani

Si salama, na ishughulikie wiki hii. Google wanaweza kufuta akaunti ya binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, pamoja na kila kilichomo. Mwombe aingie leo, apakue kila kitu kwa Google Takeout, na mkilinganishe na diski yenu kwa hakiki.txt. Kisha fungueni akaunti ya kikundi, si ya mtu, yenye namba ya simu ya kurejesha ambayo ni ya ofisi. Neno la siri liandikwe kwenye karatasi, ndani ya bahasha iliyofungwa na kusainiwa na viongozi watatu, iwekwe kabatini pamoja na kitabu cha mikutano. Kwenye mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya kuteua mtu atakayepewa mafaili akaunti ikinyamaza. Wekeni mwenyekiti na katibu, na mbadilishe majina hayo kila baada ya uchaguzi. GB 15 za bure zinatosha JPEG na PDF zenu. TIFF zikae kwenye diski mbili, moja kwako Ahero na nyingine Kisii.